Zamu ya Wakumbi

Ziwani, Nairobi
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwako Caro, mpwa wangu,

Natumai barua hii imekukuta ukiwa mzima, na kwamba wale wezi wa biskuti wa bweni lenu bado hawajagundua ulikoficha ufunguo wa sanduku. Sisi huku tu wazima. Bomba la uani limeanza tena kuvuja na majirani wote wananitazama mimi, eti kwa sababu babu yako alikuwa fundi wa mabomba wa baraza la jiji. Mimi ni mkata ngozi, jamani! Nimelifunga kwa kipande cha tairi, likanyamaza siku mbili.

Sokoni Kariokor kazi ipo. Burale, yule muuza mashuka wa kibanda cha mkabala na changu, anakusalimu sana. Anasema kitabu cha sita amekisoma mara mbili na bado ana hasira nami.

Sasa nikwambie la maana. Nimekwama.

Unakumbuka kilivyoisha. Watu wa Mji wa Chuma walipanda na mabati hadi kwenye kichuguu kikuu cha Wakumbi, wakayapiga kwa marungu mchana kutwa mpaka wale kumbikumbi wakadhani ni mvua. Wakatoka wote, wakaruka, na kabla jua halijashuka mabawa yao yalikuwa yamepukutika chini kama makapi. Kichuguu kikatekwa. Malkia Sisa akabaki anatambaa nyasini na wenzake mia chache wasio na mabawa. Hapa sokoni watu walishangilia. Thuo, anayenichapia na kupiga pini zile kurasa, alisema hajawahi kuona ushindi mtamu namna ile.

Niliahidi kitabu cha saba kabla ya Krismasi, na ndicho cha mwisho. Lakini wiki tatu sasa nafungua daftari nafunga. Kila nikimwambia Malkia afanye jambo, naona ni mimi ninayesema, si yeye. Mshindi ni rahisi kumwandika, anakula na kuimba basi. Huyu aliyeshindwa ndiye ananitoa jasho. Afanye nini mtu asiye na mabawa, asiye na nyumba, na adui yake anacheza ngoma juu ya paa lake?

Ungekuwa wewe Sisa, ungefanya nini? Uliza na wenzako.

Mama yako hajambo? Usimwambie nimeuliza.

Ni mimi mjomba wako,
Sylvance Ooko

*

Shuleni
Jumapili, 2 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Niaje? Najua hupendi "niaje" kwenye barua, lakini vumilia. Mimi niko salama. Kidato cha Nne ni noma. Tunaamshwa mapema mpaka jogoo wa mpishi anatushangaa, na maharagwe yana wadudu wengi kuliko vitabu vyako. Biskuti ziliibwa. Asante kwa kuuliza.

Swali lako limeleta vurugu bwenini. Tumeunda baraza la vita chini ya kamba za nguo. Mitchelle, unamjua kwa sifa, anataka kisasi: Wakumbi wachome ghala la nafaka la Mji wa Chuma. Nabalayo anasema wakimbilie ng'ambo ya mto, wanyamaze miaka mia, wasahaulike kabisa. Mimi nilikuwa nasema Sisa ajisalimishe kwa uwongo, aingizwe mjini akiwa mateka, kisha aanze kutafuna nguzo kutoka ndani. Mitchelle akasema hiyo ni tabia ya panya, si ya malkia. Hatujaongea siku nzima.

Lakini kuna kitu kinanishangaza. Katika vitabu vyote sita Wakumbi hawajawahi kusema hata neno moja. Wanapigwa, wanakimbia, wanarudi. Kwa nini? Hukujua watasema nini?

Sasa na mimi nina la maana langu. Siku ya maombi ya watahiniwa ni tarehe ishirini Septemba. Kila mmoja wetu anapewa kadi mbili za wageni na viti viwili vilivyoshikana. Baba yangu yuko kaburini, kwa hiyo sina hesabu ndefu. Namtaka mama na nakutaka wewe. Tangu kitabu cha kwanza kitoke, huu mwaka wa tatu, hamjasemezana. Wewe uko Ziwani, yeye yuko Mathare, nusu saa kwa miguu, na akija Kariokor kununua nyuzi za sweta anazunguka upande wa pili wa soko ili asipite mbele ya kibanda chako. Nimemwona kwa macho yangu. Nikitaja vitabu vyako anaanza kuosha vikombe ambavyo vimeshaoshwa.

Mligombana nini? Niambie tu. Mimi si mtoto. Sitaki kukaa siku ile kando ya kiti kitupu.

Mpwa wako,
Carolyne

*

Ziwani
Jumapili, 16 Februari 2025

Caro wangu,

Barua yako imefika kwenye sanduku la posta la kanisa, na katibu akaniletea mwenyewe sokoni, nikaifungua na gundi mikononi. Samahani kwa jibu lenye madoa. Mama yangu, Dani yako, amepiga simu kutoka nyumbani, anasema mguu unamuuma kila mawingu yakikusanyika lakini shamba limelimwa. Biskuti nitamtafuta mtu wa kuja huko azilete.

Mimi na mama yako hatujagombana. Hatuongei tu. Hilo tuliache hapo.

Turudi vitani. Nilimsomea Burale mawazo yenu. Akacheka sana kwa ghala la Mitchelle. Akaniambia, "Ooko, wewe hujawahi kupoteza mji. Sisi tulipotoka kwetu, siku ile hakuna aliyezungumza kisasi. Mama yangu aliuliza maswali mawili: nani anajua maji yako wapi, na nani kati yetu anajua kufanya nini." Kisha akarudi kukunja mashuka yake kana kwamba hakusema kitu. Mimi nikashindwa kukata ngozi mpaka saa nane.

Unaona? Sisi wote tulikuwa tunahesabu walichopoteza. Burale anauliza kilichobaki. Wakumbi wana nini bado? Wanajua kuchimba. Wanajua gizani kuliko mtu yeyote. Meno wanayo. Hawaogopi udongo. Na mshindi ana udhaifu gani? Amelewa. Haangalii chini.

Hebu tufanye hivi. Wewe shika upande wa Wakumbi, mimi wa Mji wa Chuma. Nitumie amri zako, nami nitakujibu kwa zangu, tuone hiyo vita inakwenda wapi. Sheria ni moja tu, ya zamani: kila mtu na zamu yake, na askari wa mwenzako humgusi. Ukimsogeza, umeshindwa hapo hapo.

Andika amri wazi. Kikosi gani, siku gani, mlango upi.

Wako,
Mjomba Sylvance

*

Ziwani
Jumapili, 16 Machi 2025

Caro,

Mwezi mzima. Kila Ijumaa namuuliza katibu wa kanisa mpaka ameanza kutikisa kichwa akiniona kwa mbali. Kama umekasirika kwa sababu sikujibu lile la mama yako, sema umekasirika, nitaelewa. Kama unaumwa, mwambie matroni anipigie. Kibanda kipo, biskuti zimefika salama nadhani, na mimi sijambo isipokuwa kwa wasiwasi.

Mjomba

*

Shuleni
Jumapili, 23 Machi 2025

Mjomba,

Usishtuke. Sijafukuzwa. Ilibaki kidogo.

Nilikujibu upesi, wiki ile ile. Niliandika amri kama ulivyotaka, wazi kabisa. Na kwa kuwa Wakumbi wako hawana majina isipokuwa Malkia, makamanda niliwapa majina ya rafiki zangu. Nikaitia kwenye sanduku la barua la shule. Nilisahau kuwa barua zetu husomwa kabla hazijatoka.

Hebu jiweke mahali pa Madam Nzivo, naibu wa mwalimu mkuu. Anafungua bahasha anakuta: "Jumapili, wote wakiwa kwenye ibada, kikosi cha Mitchelle kikate maji. Nabalayo na watu wake waingie stoo ya nafaka kwa mlango wa nyuma. Mimi nitashika lango. Mlinzi wa kusini ni mzee, hana mbio." Na hapo shule ya jirani ilikuwa imegoma wiki mbili tu zilizopita! Na mlinzi wetu wa lango la kusini, Mzee Mugo, kweli hana mbio. Mjomba, niliita mvua juu ya kichwa changu mwenyewe.

Tuliitwa sote watatu ofisini. Mitchelle alilia mpaka akapaliwa. Tukaambiwa kila mtu alete mzazi.

Mama alifika kutoka Mathare na sweta ya mteja mkononi, mkono mmoja haujafumwa. Madam Nzivo akamwekea ile barua mezani akasema, "Mama, soma mpango wa binti yako." Mama akasoma. Nilitazama sakafu. Nilijua nimekwisha.

Mama akasema, "Madam, huyu mtoto hajui vita."

Akaendelea, "Ukiwa umeshindwa hukati maji. Wewe ndiye unayeyahitaji kwanza. Na ghala la nini? Wakumbi hawapendi ghala, ni pakavu mno. Sisa hawezi kutoa amri ya kijinga namna hii. Nani anamfundisha huu upuuzi?" Kisha akaliona jina lako juu ya bahasha. Akaketi bila kuambiwa aketi.

Alieleza karibu saa nzima. Madam Nzivo aliifunika simu yake kwa mto wa kiti ili isimsumbue, wallahi. Mama alitaja njia tatu za maji za Wakumbi. Alitaja kwa nini askari wao hutembea upande wa kushoto wa ukuta. Alitaja Mlango wa Udongo Mwekundu. Mjomba, vitabu vyako sita navijua kama kiganja changu. Hakuna Mlango wa Udongo Mwekundu.

Mwisho wake tumepewa wiki mbili za kufyeka nyasi, na Madam Nzivo ameazima kitabu cha kwanza. Nilipomsindikiza mama hadi langoni nikamuuliza, umejuaje yote yale? Akafunga sweta yake kwenye mfuko polepole. Akasema, "Wakumbi ni wangu. Mwulize mjomba wako daftari liko wapi."

Basi nakuuliza. Daftari gani?

Caro
(viganja vina malengelenge, usome mwandiko kwa huruma)

*

Ziwani
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Pole kwa viganja. Paka mafuta ya mgando ukifika likizo. Nasikia mnakwenda kwa Dani kwa Pasaka, wewe na mama yako. Msalimieni, na mwambieni asimlipe yule fundi wa paa kabla mvua haijajaribu kazi yake.

Haya, umenishika.

Mama yako na mimi tulikulia chumba hiki hiki ninamoandikia. Babu yako alikuwa akituletea madaftari ya ofisini yenye jalada la kijani, na katika moja tukaanza vita. Mimi nilikuwa jemadari wa Mji wa Chuma. Yeye alichagua Wakumbi. Nilimcheka: nani anachagua wadudu? Akasema, "Ngoja." Mmoja anaandika mstari mmoja, anamsukumia mwenzake daftari, basi. Tulicheza hivyo miaka miwili. Sisa yeye ndiye aliyempa jina. Ule mlango mwekundu ni wake pia, na mimi nilikuwa nimeusahau mpaka barua yako iliponichoma.

Mwaka wa themanini na tisa Dani alivunjika mguu kule nyumbani. Babu akaamua msichana aende akamsaidie, mvulana abaki mjini asome. Ndivyo mambo yalivyokuwa yakiamuliwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mama yako Clare kumi na miwili. Ilikuwa zamu yake. Tukakubaliana nitamtumia daftari kwa posta ya Yala, aandike, alirudishe.

Likapotea.

Nilipoanza vitabu nilitumia vita yetu na sikuweka jina lake. Nilidhani amesahau. Mtu mzima mwenye mashine yake ya sweta na wateja wake, atakumbuka mchezo wa watoto? Alisoma cha kwanza, akanirudishia kupitia kwa mtu, bila neno. Nikajua hajasahau. Nikaona haya, na haya zikakaa miaka mitatu.

Sasa umeelewa kwa nini Wakumbi wangu hawasemi. Maneno yao hayako kwangu.

Mwulize kwa upole Malkia angefanya nini. Usiseme nimekutuma, ingawa atajua.

Sylvance

*

Kwa Dani, Yala
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mjomba,

Pasaka njema. Dani ni mzima na anasema asante kwa ushauri wa paa, umechelewa, linavuja. Nimekula mpaka sketi imekataa kufunga. Nimempa mama barua yako. Aliisoma jikoni akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye aproni. Hakuosha vikombe. Nimeona niiandike hiyo.

Kesho yake saa sita mchana, jua kali, akachukua debe na mti akaniita nyuma ya nyumba kwenye kile kichuguu karibu na choo cha zamani. Akasema, "Piga." Nikapiga. Nikapiga mpaka majirani wakatoka. Hakuna hata kumbikumbi mmoja aliyechungulia. Mama akasema, "Umeona? Kwanza lazima wao wenyewe wawe tayari. Debe linawaamsha walio tayari tu."

Jumatano mvua ikanyesha, ikakatika, akasema sasa. Dani akatoka na blanketi lake kuukuu tukafunika shimo, tukapiga, na Mjomba, walitoka wengi hata nikaogopa! Nusu tuliwakaanga. Wengine wakaponyoka wakaruka, na baada ya muda mfupi mabawa yalikuwa yametapakaa uwanja mzima. Nikasema, "Kama kwenye kitabu. Wameshindwa."

Mama akanishika bega akanipigisha magoti kwenye matope. "Tazama."

Nikatazama. Walikuwa hawatambai ovyo. Walikuwa wanatembea wawili wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, haraka, kama watu wanaojua waendako. Mmoja alijipinda akamalizia kung'oa bawa lake mwenyewe. Mwenyewe, Mjomba! Kisha wakaanza kuchimba. Kwenye ukingo wa msingi wa nyumba, chini ya ngazi, kando ya tangi la maji. Baada ya nusu saa hukuona kitu, udongo tu.

Mama akasema, na ninaandika kama alivyosema: "Mjomba wako alikuwa akija huku Desemba tu, shule zikifungwa. Aprili hajawahi kuiona. Anajua kuwala kumbikumbi, hajui wanakokwenda. Ameandika kwamba walipoteza mabawa. Hawakupoteza, waliyavua. Kila wawili ni malkia na mfalme wake. Sasa wako chini ya kila nyumba ya Mji wa Chuma, na yeye ndiye aliyewaita watoke. Mwambie Sisa hana la kuamua. Mwenye kuamua ni yeye aliye juu."

Nikamwambia, basi muandikie mwenyewe. Akakataa. Akasema zamu yake alinyang'anywa, haendi kuiomba.

Halafu tukiwa tunapepeta mabawa akaniambia jambo jingine bila kunitazama. Alikuwa akienda posta ya Yala kila Jumamosi, na ndoo ya maji kichwani wakati wa kurudi. Mwaka mzima. Karani alikuwa akitikisa kichwa kabla hajafika dirishani. Hakukasirika kwa sababu ya jina kwenye jalada, Mjomba. Amekasirika kwa zile Jumamosi.

Na Dani naye akasema, "Sylvance kupoteza kitu? Huyo hata kamba za viatu vya darasa la pili anazo."

Daftari lilipotea kweli? Sitakuandikia tena mpaka unijibu hilo. Kadi zangu ni mbili, na Septemba inakuja.

Caro

*

Ziwani
Jumapili, 15 Juni 2025

Caro, mpwa wangu,

Umetimiza ulichosema, hujaandika, na mimi nimechelewa karibu miezi miwili. Sijambo. Dani sijui, nadhani yu mzima maana amenitukana kwa simu juzi kwa sauti nzuri kabisa. Burale amepata mjukuu. Bomba bado linavuja.

Halikupotea.

Lilikuwa chini ya sanduku la vipimo vya nyayo, pale kibandani, tangu nianze kazi Kariokor. Kabla ya hapo lilikuwa chini ya godoro langu. Bahasha nilikuwa nimeshainunua, Caro. Anwani nilikuwa nimeshaiandika. Lakini nilikaa nikalisoma tena, nikaona kwamba nashindwa. Wakumbi walikuwa wamebakiza lango moja tu. Mstari mmoja wa mama yako, na Mji wa Chuma umekwisha. Nikasema nitamtumia wiki ijayo, nikipata hila. Wiki ijayo ikawa mwezi. Kisha ikawa aibu, na aibu ni kitu kigumu kukitia kwenye bahasha. Mtoto mwenzangu alikuwa anabeba maji kule, mimi niko mjini nimekalia zamu yake kwa sababu sitaki kushindwa na msichana. Halafu nimezeeka, nikaandika vitabu sita nikiwasogeza askari wake mwenyewe ili nishinde. Sheria niliyokuandikia wewe Februari kwa kujidai, nimeivunja mimi kwanza.

Nilimsimulia Burale. Akakunja shuka zima kabla hajajibu. Akauliza, "Basi aliyeshindwa ni nani?"

Mwezi wa tano, tarehe kumi na tisa, nikalitia daftari kwenye bahasha mpya, nikaandika jina la Clare na sanduku la posta analotumia huko Mathare, nikalipeleka posta. Karani aliitazama anwani akacheka, "Mzee, si hapo tu? Si utembee?" Nikamwambia niliahidi posta.

Nikangoja. Wiki ya kwanza nilisema ni foleni. Ya pili nikakata viatu viwili vya akala, vyote vya mguu wa kushoto, mteja akaniuliza kama namwona ana miguu gani. Ya tatu nikajua. Nikajua hasa ilivyokuwa kule dirishani Yala, na sikuwa na miaka kumi na miwili wala ndoo kichwani.

Leo tumetoka kanisani, nimevua koti, mlango ukagongwa. Clare. Hakunisalimu. Alitazama uani akasema, "Hilo bomba bado?" Akaingia akakaa kwenye kiti cha Babu, akatoa lile daftari la kijani kwenye mfuko wa nyuzi, akatoa kalamu. Mstari wa mwisho ndani yake ni wangu wa mwaka ule: Mji wa Chuma unangoja. Akaandika chini yake, polepole, kwa mwandiko ule ule wenye mikia mirefu, akanisukumia juu ya meza.

Alikuwa ameandika: Wakumbi wako mlangoni. Wanauliza kama kuna chai.

Nililia, Caro. Nakuambia wazi, nililia mpaka akaniambia niache, nitalowesha daftari. Kisha yeye naye akaanza. Nilipopata mkono wa kushika kalamu nikaandika: Mji umesalimu amri. Chai ipo.

Tumekunywa birika zima. Nimeomba msamaha kwa mdomo, na zile Jumamosi nimezitaja moja moja kadiri nilivyoweza kuzikisia. Hakusema amesamehe. Alisema chai ina majani mengi. Kitabu cha saba kitasimuliwa na Sisa, na jina la mama yako litatangulia langu. Hilo halikuwa ombi, aliniarifu. Mlango wa Udongo Mwekundu, kumbe, uko chini kabisa ya ikulu yangu. Ulikuwa pale tangu mwanzo.

Ameondoka na daftari. Zamu ni yake, na ameniambia atalirudisha Jumamosi, labda. Nami Jumamosi nitafunga kibanda mapema, nitakaa hapa kwenye ngazi nimngoje. Na asipokuja, nitangoja Jumamosi itakayofuata.

Hivyo viti viwili usimpe mtu.

Mjomba wako aliyeshindwa,
Sylvance Ooko